Maswali ya Wasomaji: Kuhakiki Riwaya na Tawasifu

Nimesoma riwaya ambamo jahazi latoka Lamu wakati wa kusi na kufika Mombasa likiwa na upepo wa nyuma njia nzima. Je, kosa hili latosha kuikataa kazi yote? (Nahodha mstaafu, Matondoni)

Halitoshi, mzee wangu, ila halifai kunyamaziwa. Kusi huvuma kutoka kusini, na chombo kinachoelekea Mombasa hukabiliana nao uso kwa uso. Upepo wa kukipeleka huko ni kaskazi. Tazama basi kosa limebeba nini. Ikiwa safari imetajwa kwa sentensi moja ili mhusika afike mjini, nawe itaje kwa sentensi moja. Lakini ikiwa siku ya kufika ndiyo inayoamua nani ataoa na nani atarithi, msuko mzima umesimama juu ya upepo usiokuwepo, na una haki ya kusema hivyo, mradi unukuu kifungu chenyewe ili msomaji ajionee. Sisi watu wa visiwani hupenda mno kuwinda makosa ya kwetu. Yvonne Adhiambo Owuor alianzia Pate riwaya yake The Dragonfly Sea ya 2019, na maongezi niliyoyasikia barazani yalihusu njia na majina ya watu. Ni machache yaliyomgusa Ayaana, binti anayekulia hapo na kufika hadi China, ambaye ndiye riwaya yenyewe.

Mwandishi wa tawasifu ananukuu neno kwa neno mazungumzo ya utoto wake wa miaka sitini iliyopita. Huo si uongo? (Mwalimu, Malindi)

Sivyo, mwalimu. Msomaji anajua kwamba hapakuwa na kinasa sauti jikoni kwa bibi, na kwamba mazungumzo hayo yamejengwa upya. Pima ujenzi wake: bibi, mvuvi na karani wa serikali wakizungumza wote kwa sauti ya mwandishi, huo ni udhaifu wa sanaa, na mistari mitatu ya kunukuu itauonyesha. Yanayoweza kuthibitishwa yana sheria nyingine. Akidai kwamba Mapinduzi ya Zanzibar ya 12 Januari 1964 yalimkuta darasani siku hiyohiyo, fungua kalenda: ilikuwa Jumapili. (Huenda alikuwa chuoni, yaani madrasa ya Kurani, ambako mapumziko ni Ijumaa, basi angesema.)

Nataka kuihakiki Peponi. Nilinganishe na Kiingereza? (Mwanafunzi, Mkomani)

Ukiweza, linganisha, lakini si sharti, binti yangu. Abdulrazak Gurnah aliitoa Paradise mwaka 1994, na tafsiri yake ya Kiswahili, Peponi ya 2022, ni kazi ya Ida Hadjivayanis. Mtaje, kwa kuwa kila sentensi utakayoisifu imepita mkononi mwake.

Mjomba wangu amechapisha tawasifu na anataka niihakiki. (Shela)

Mpe maoni yako faraghani, na uhakiki mwachie mwingine. Ukilazimika kuuandika, utaje udugu wenu katika aya ya kwanza.