Mashine ya kufyonza vumbi la mbao: hp 1 itatosha?

SWALI: Nina karakana ya mita 4 kwa 6 nyuma ya nyumba, Nkuhungu, Dodoma. Natengeneza vitanda na makabati ya mninga na paini. Nina msumeno wa meza, mashine ya randa ya inchi 13 na msasa wa umeme wa mkononi. Muuzaji anasema ya hp 1 "inavuta sana". Ya hp 2 bei yake inakaribia mara mbili. Ninunue ipi?

JIBU: Ndugu msomaji, kwa randa hiyo, mashine ya vumbi ya hp 1 haitoshi. Kuvuta sana ni sifa ya mashine ya kufagilia nyumba: mpira mwembamba, mvuto mkali, hewa kidogo. Maranda yanabebwa na wingi wa hewa. Ili yasitulie ndani ya bomba, hewa iende kama mita 20 kwa sekunde. Katika bomba la mm 100 hiyo ni takriban mita za ujazo 570 kwa saa, na randa ya inchi 13 ikikata mbao pana inataka karibu 800.

Sasa soma kibandiko kwa jicho kali. Namba ya hewa inayoandikwa hupimwa bila mpira wala mfuko. Ukishafunga vyote, mara nyingi unabaki na nusu hadi theluthi mbili. Kwa hiyo tafuta iliyoandikwa mita za ujazo 1,500 kwa saa au zaidi, ambayo kwa kawaida ni ya hp 2, yaani kW 1.5. Ikifanya kazi saa nzima inakula kama uniti moja na nusu za Luku.

Ukiletewa mtumba kutoka Marekani, angalia Hz (mizunguko ya umeme kwa sekunde) kabla ya bei. Mota ya 60 Hz kwenye umeme wetu wa 50 Hz inazunguka pungufu kwa karibu asilimia 17 na inapata joto. Transfoma inashusha volti tu. Hz zinabaki zilezile.

Mfuko ndio wauzaji wasioutaja. Ule wa mikroni 30 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) unashika maranda, halafu unapuliza chumbani unga mwembamba, ambao ndio unaofika mapafuni. Wa mninga huwasha pua na ngozi, na vumbi la mbao kwa jumla limeorodheshwa kimataifa kuwa linasababisha saratani. Dai wa mikroni 1, na bado vaa barakoa unapopiga msasa. Kukung'utwa ni lazima kila jioni, maana mfuko ulioziba unaua mvuto kuliko udogo wa mota. Mfuko wa chini, unaopokea maranda, umwage ukifika theluthi mbili, mbali na jiko la mkaa.

Kutoa hewa nje kupitia ukuta kunakuondolea gharama ya mfuko mzuri, ila kwa upepo wa Dodoma unga utaishia kwenye kamba ya nguo ya jirani. Na chumba kikifungwa bila tundu la kuingiza hewa, mashine haina cha kuvuta.

Bomba gumu la PVC la inchi 4 ni bora kuliko mpira wa mikunjo. Mpira uwe mita moja au mbili za mwisho tu. Kona ya nyuzi 90 iundwe kwa kona mbili za 45. Usilipunguze hadi inchi 2 kwa ajili ya msasa, litaziba. Msasa upe mashine yake ndogo ya kufyonza.

Umeme: washa ya vumbi kwanza, subiri ishike kasi, ndipo uwashe randa. Kila moja iwe na soketi yake, kwa waya wa mm² 2.5. Zikichangia ekstensheni moja nyembamba, volti inashuka, mota inanguruma bila kuanza na kapasita, kile kifaa kinachoisaidia kuanza, inaungua.

Usifagilie sakafu kwa bomba hilo: msumari ukigonga feni ya chuma hutoa cheche, na cheche inaenda moja kwa moja kwenye mfuko uliojaa unga mkavu.