Siku ya tatu, omba jembe

Barua ya wiki hii nimeifupisha na kuondoa yale ambayo yangemtambulisha mwenyewe.

"Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwanamke wa miaka 41, mzaliwa wa Ngamiani, Tanga. Huu ni mwaka wa 14 nipo Uingereza, nafanya kazi ya kutunza wazee. Nina watoto wawili, wa kiume ana miaka 12 na wa kike 8, wote wamezaliwa huku. Mwaka juzi, shule zilipofungwa kiangazi, niliwapeleka nyumbani baada ya kukaa miaka sita bila kwenda. Mama alipata kiharusi, upande wa kulia haufanyi kazi, na dada yangu mkubwa ndiye anayeishi naye. Natuma pauni 150 kila mwezi, sijawahi kukosa.

Uwanja wa ndege nilipanga mstari wa wageni na kulipa viza dola 50 kuingia kwetu, maana pasipoti yangu sasa ni ya Uingereza. Nilibeba mabegi manne ya zawadi na bado kuna waliosusa. Mama aliagiza nitolewe kikombe cha kabatini, kile chenye ukingo wa dhahabu, wenzangu wote wanakunywa kwenye vya plastiki. Nikitaka kukuna nazi naambiwa acha, utachafua nguo. Siku ya nne nilimwambia dada chai ya mama ina sukari nyingi. Akanijibu mbele ya watu: 'Wewe mgeni, bibie. Tarehe 20 unaondoka, mimi nabaki naye.' Tangu siku hiyo tukizungumza ni habari za pesa tu. Na mwanangu wa kiume kila asubuhi ananiuliza tunarudi lini nyumbani.

Ndege ilipoacha ardhi nilihisi mzigo umenitoka. Shangazi, nilishukuru kumwacha mama yangu mgonjwa. Naona aibu mpaka leo na sijamwambia mtu. Sasa mama anataka nije Julai na wajukuu. Mume wangu anasema tiketi tatu ni pesa za kumtunza mama miezi mingi, bora tuzitume. Niende au nitume?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na hiyo ndege, maana umeiweka karibu na mwisho wa barua lakini naona ndiyo iliyokuketisha kuandika.

Ulikuwa umechoka kuwa mgeni. Hebu hesabu mwenyewe. Uwanja wa ndege umepangishwa mstari wa wageni, kwa kuwa sheria ya Tanzania haimruhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili. Umefika nyumbani, mama yako kakutolea kikombe cha wageni. Umeingia jikoni, umeinuliwa juu ya mbuzi kabla hujaikuna nazi ya kwanza. Siku ya nne dada yako kalitamka neno lenyewe. Na mtu huyo huyo, mwaka mzima huko Uingereza, anawaogesha mama za watu, anawageuza kitandani, anawalisha kwa kijiko, anajua ngozi ya mgonjwa inavyobadilika rangi kabla haijawa kidonda. Kisha anafika kwa mama yake mzazi anakalishwa kwenye kochi, anawashiwa feni, analetewa soda. Mikono inayoijua kazi imekaa mapajani mbele ya mgonjwa inayempenda kuliko wote. Wiki tatu! Ningekuwa mimi ningelia kabla ya kupanda hiyo ndege.

Kwa hiyo aibu hiyo itue. Mtu anayemchoka mama yake haandiki barua miaka miwili baadaye.

Sasa nivumilie nimsemee dada yako, kwa sababu niliwahi kuwa yeye. Mama yangu alilala kitandani miaka minne na kaka yangu alikuwa Denmark. Kila Julai alikuja. Siku ya kufika, mapazia yamefuliwa, kuku kachinjwa, majirani wanamiminika kumwambia hongera, unamtunza mama. Aliyesimama mlangoni na beseni la maji ya kumwogeshea mama ni mimi, wala hakuna aliyenigeukia. Kaka ni mtu mwema, na pesa yake ndiyo iliyonunua pempasi na dawa, sitaidharau hata kidogo. Lakini pesa haiamki saa nane usiku kumgeuza mtu. Mwaka mmoja alileta mashine ya kupimia presha. Akampima mama, akasoma namba, akaniuliza mbona iko juu. Aliniuliza mimi, kana kwamba ndiye niliyeipandisha. Nilitoka nikaenda uani nikaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Aliyenitoa pale ni wifi yangu. Jioni moja alinikuta nimesinzia nimeshika kijiko, uji wa mama umeganda juu ya bakuli. Alikichukua kijiko mkononi mwangu taratibu, akakaa pale nilipokaa, akaniambia, "Wifi, nenda kwa shoga yako Pangani ulale huko siku tatu. Nionyeshe tu dawa zilipo." Nilikwenda. Usiku wa kwanza sikupata usingizi, nilikuwa nasikilizia kuitwa. Usiku wa pili nililala mpaka jua likaniwakia usoni dirishani. Zawadi zote walizotuletea miaka ile nimezisahau, ila siku zile tatu nazikumbuka saa kwa saa.

"Mimi nabaki naye." Maisha yote ya dada yako yamo kwenye maneno hayo matatu, na wewe uliyasikia kama tusi. Kuhusu sukari pengine ulikuwa sahihi. Lakini uliyasema hayo siku ya nne, mbele ya watu, kwa mtu aliyeitengeneza chai hiyo kila asubuhi kwa miaka. Mwombe radhi kwa hilo, na usiongeze neno "lakini" baada ya samahani.

Wazee wetu wa Pwani walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwenu hukupewa jembe siku ya tatu wala ya kumi, nawe hukuliomba. Nenda Julai, mwanangu, na safari hii uliombe.

Liombe kabla hujakata tiketi. Mwambie dada yako: "Nakuja wiki tatu. Wiki ya kwanza nifundishe mama anavyotunzwa. Wiki ya pili nataka wewe uondoke, uende Lushoto, uende Dar, uende unakotaka, nauli na matumizi yako ninayo. Mimi nitalala chumba cha mama." Atakataa. Atasema mama hakuzoei, dawa utachanganya, watu watasema nini. Usimbishie siku hiyo, rudia tena wiki inayofuata. Mtu aliyebeba mzigo muda mrefu haamini haraka kwamba kuna anayeupokea kweli.

Na hapo kwenye "nifundishe" usifanye utani. Najua wewe umesomea kazi hiyo na una vyeti vyake. Bado kaa chini utazame. Dada yako anajua mama analia kwa jambo gani na anapenda maji ya moto kiasi gani, anajua usiku wa kuamkia Ijumaa huwa hapati usingizi, na hakuna kozi inayofundisha hayo. Ukishatazama siku tatu nne, ndipo utoe chako. Kwenye begi weka zile shuka za kuteleza mnazotumia kumgeuzia mgonjwa. Ni nyepesi, zinakunjika, na zitauokoa mgongo wa dada yako kila usiku baada ya wewe kuondoka. Weka glovu na krimu nzuri ya ngozi. Muonyeshe mkiwa wawili tu, mlango umefungwa, yeye akiwa kichwani pa mama na wewe miguuni.

Zawadi nyingine zote achana nazo. Nimekwisha kuona watu wanakopa huko Ulaya ili wajaze begi la kilo 23 viatu vya wapwa wa binamu. Mkono mtupu haulambwi, naam, lakini mkono hauhitaji kujazwa kutoka dukani Uingereza. Basi la Tanga likishapita Segera litapita Muheza, na Julai machungwa huwa yamejaa kando ya barabara. Nunua ya kutosha. Kila atakayekuja kukusalimu apate machungwa yake, na salamu zako, na nafasi ya kukaa na wewe. Atakayesusa asuse, tena umjulishe mapema kwa simu ili asije na matumaini.

Kikombe cha dhahabu usikikatae siku ya kwanza. Mama yako hana mkono wa kulia wa kukupikia, hawezi kusimama akukumbatie mlangoni, kilichobaki kwenye uwezo wake ni kuamuru kabati lifunguliwe. Kinywee kwa furaha, amwone mwanawe anakunywa. Siku ya tatu amka alfajiri kabla ya watu, chukua mbuzi, kuna nazi, mimina chai kwenye kile cha plastiki na ukanywe ukiwa umekaa ukingoni mwa kitanda chake. Watakapoamka watakukuta na unga wa nazi mikononi, hakuna wa kukuinua tena.

Watoto. Hapa nina jambo ambalo wazazi wengi wa ughaibuni hawalifikirii. Huko kwenu shule zinafungwa mwishoni mwa Julai hadi mwanzoni mwa Septemba. Kwetu likizo ya katikati ya mwaka ni Juni, na mwanzoni mwa Julai watoto wamesharudi darasani. Mwanao wa kiume alipofika Tanga, binamu zake walikuwa wanavaa sare asubuhi na kurudi alasiri, wengine wakitoka hapo wanakwenda madrasa. Kashinda peke yake na watu wazima wanaozungumza haraka lugha anayoielewa nusu. Mtoto gani asingeuliza tunarudi lini? Na kusema "nyumbani" kwa Uingereza hajakukosea, ndiko alikozaliwa. Usimsahihishe.

Mpangie alasiri na mwisho wa wiki. Tanga ni mji wa baiskeli na barabara zake za Ngamiani zina namba, hawezi kupotea. Mtafutie baiskeli ya kuazima, aende na binamu Raskazone kuogelea, arudi na chumvi mwilini na maneno matano mapya ambayo pengine mawili yatakuwa mabaya. Asubuhi mpe kazi kwa bibi yake. Mkono wa kushoto wa mama bado unafanya kazi, basi wacheze karata. Bibi atamtajia kila karata kwa Kiswahili na mjukuu atajifunza bila kujua. Binti wa miaka minane wala simhofii, huyo atapakwa hina siku ya pili na kutoweka kwa majirani.

Jambo moja nasema kwa ukali kidogo: malaria. Watoto waliozaliwa Uingereza hawana kinga hata chembe, na ile uliyokuwa nayo wewe imekwisha kupungua kwa miaka yote hiyo. Huko Uingereza, wengi wa wanaorudi na malaria ni watu kama nyinyi, waliokwenda kwao kusalimia, ambao hawakumeza dawa za kinga kwa kuwa waliona wanakwenda nyumbani. Muone mfamasia au muuguzi wa wasafiri wiki kadhaa kabla, mmeze zote mpaka za mwisho baada ya kurudi, mlale ndani ya chandarua hata mkichekwa. Na homa yoyote mtakayopata baada ya safari, nendeni hospitali siku hiyo hiyo na mtaje kwamba mlikuwa Tanzania.

Mume wako hajakosea hesabu. Julai na Agosti ndiyo tiketi ghali kuliko miezi mingi, na kuwatoa watoto shule wakati wa masomo kunaweza kuleta faini. Tangu Agosti 2024 ni pauni 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto, hata ukiiwahi kuilipa. Mnyooshee hivi: mwaka huu mnakwenda kwa sababu mama ameomba wajukuu na huwezi kujua ataomba mara ngapi. Baada ya hapo kila safari ya watoto ifuatwe na safari yako peke yako, Februari au Novemba, tiketi zikiwa zimeshuka, yeye akibaki na watoto. Likizo yako ya kazini igawe kwa mpango huo. Na kama tiketi za Julai hii haziwezi kupatikana bila mkopo, basi nenda peke yako Novemba, na watoto wamwone bibi yao kwenye simu mpaka mwakani. Usipande ndege kwa deni. Ukikaa chumbani kwa mama unawaza marejesho, hutakuwa pale.

Kuhusu zile pauni 150, ziendelee. Ila mwezi huu ongeza kidogo, zitume kwa jina la dada yako, na umwambie wazi kwamba hizi si za dawa wala za umeme, ni zako wewe, kanunue kanga au ukae nazo. Asikupe hesabu yake.

Kisha mpigie. Usimwandikie ujumbe, mpigie asikie sauti yako. Wakati huu wa kiangazi tofauti ya saa kati yenu ni mbili tu. Ukitoka zamu saa mbili usiku, Tanga ni saa nne. Mama kwa saa hiyo ameshageuzwa na kulala, vyombo vimeoshwa, na dada yako ndiyo kwanza anakaa.

Shangazi