Ngazi Tano Zinatosha: Kupanga Vipimo vya Uwezo kwenye Mchezo wa Wahusika

Wengi wanaobuni mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika huanza na orodha ya uwezo: nguvu, wepesi, akili, ulimi (ufasaha wa kusema), ubaharia. Halafu kila mmoja hupewa namba kati ya 1 na 100, na mchezo unakwama hapo. Anza na dadu. Ndizo zinazoamua namba moja zaidi ina uzito gani, na hapa Lamu dadu rahisi kupata ni zile za ludo, zenye nyuso sita. Mbili zatosha.

Mchezaji arushe zote mbili, ajumlishe, aongeze uwezo wa mhusika wake. Akifika 8 amefaulu. Mwenye uwezo wa 0 hufaulu kwa njia 15 kati ya 36, yaani asilimia 42. Mwenye 1 ana asilimia 58, mwenye 2 ana 72, mwenye 3 ana 83. Mwenye -1 amebaki na 28. Kila ngazi inaonekana mezani. Sasa panda zaidi uone: 4 ni asilimia 92, 5 ni 97, na mwenye 6 hakosi kamwe, kwa hiyo hana haja ya kurusha. Kikomo kiwe 3.

Kwa dadu moja ya nyuso 20 mambo ni mengine. Huko nyongeza ya 1 ni asilimia 5 tu: hugeuza matokeo ya mrusho mmoja katika 20. Mchezaji akirusha mara kumi jioni nzima, huenda akarudi nyumbani ngazi yake haijamfaa kitu. Ukiipenda dadu hiyo, tenganisha ngazi kwa 2 au 3.

Dungeons & Dragons, mchezo maarufu wa aina hii, katika toleo la 1974 ilipima uwezo kwa dadu tatu, 3 hadi 18, na 18 hutoka mara moja katika 216. Namba tamu kuitazama, ila toleo la tatu la mwaka 2000 lilipunguza 10 kwenye namba hiyo, likagawa kwa mbili na kuacha nusu, hivyo mwenye 12 na mwenye 13 wote wakapata nyongeza ya 1. Namba isiyobadilisha mrusho ni ya nini kwenye karatasi? Andika ile inayotumika, basi.

Kazi kubwa ni kueleza ngazi kwa vitendo. Ukiandika "stadi", "hodari", "bingwa", wachezaji watabishana nani mkubwa. Ubaharia uandike hivi: -1, hajawahi kushika tanga. 0, huvuka Lamu hadi Manda siku tulivu. 1, hupita mkondo wa Mkanda, kati ya Manda na bara, maji yakijaa bila kupanda mchanga. 2, hupeleka jahazi Mombasa kusi ikimpiga usoni. 3, manahodha wengine humngoja aamue kama leo inasafirika. Mwendesha mchezo naye anapata mizani ya ugumu: kupita Mkanda maji yakitoka, lengo lipande hadi 10, na mwenye 2 ashuke kutoka asilimia 72 hadi 42. Fanya vivyo kwa kila uwezo. Ulimi wa 3 ukizaa matunda haba kuliko nguvu ya 3, hakuna atakayeuchagua.

Bei nayo isiwe sawa. Kila ngazi ikigharimu pointi moja, kila mtu atajaza 3 kwenye uwezo mmoja na kusahau mingine. Toza 1 kwa ngazi ya 1, jumla ya 3 kwa ya 2, jumla ya 6 kwa ya 3, kisha mpe kila mchezaji pointi 7 za kugawa kwenye uwezo mitano. Anayekubali -1 arudishiwe pointi moja, na iwe mara moja tu, maana wajanja watauza akili zao zote.

Mnyama kama punda usimtie kwenye kipimo cha watu. Ukimpa 6 ya nguvu, kesho kuna atakayeuliza kwa nini mhusika wake asiifikie. Akivutana na mtu, punda ameshinda. Dadu zirushwe kujua mtu anafanya nini baada ya hapo.

Mhusika akishafika 3, mpe ujuzi mwembamba badala ya namba: "anaijua Mkanda usiku". Ujuzi huo umruhusu kurusha tena dadu moja, mara moja kwa kila kikao, na mahali hapo tu.