Dogo kapoteza mkanda? Simu ya kwanza asiipokee yeye

Mkuu mleta uzi, salaam. Umesema mdogo wako ana miaka 27, alikuwa bingwa wa taifa, mwezi uliopita kapigwa KO (kazimwa) raundi ya nane na mkanda wa ubingwa ukaondoka. Nyumbani sasa kila mtu na lake: mama anataka aache, kocha anataka marudiano, na kuna promota keshapiga simu, ana pambano la nje baada ya wiki tano. Wadau wengi hapo juu wamekujibu "apambane tu, bingwa ni bingwa". Mimi mkanda wa namna hiyo nimeuvaa na nimeupoteza, kwa hiyo naomba nafasi niandike kwa urefu kidogo.

Wangu uliondoka 2009, kwa pointi, raundi kumi. Enzi zile mashirika ya ngumi za kulipwa yalikuwa kadhaa, TPBO, PST na wenzao, kila moja na mikanda yake, kwa hiyo bingwa wa taifa mngeweza kuwa wawili mtaa mmoja na kila mmoja anamwita mwenzake feki. Pamoja na hayo, siku ulipoondoka niliuona kama wa dunia. Tuliingia ukumbini na watu kama kumi na tano nyuma yangu, wengine siwajui hata majina. Nilirudi chumbani peke yangu. Glovu walishanivua ulingoni, lakini bandeji zilikuwa bado mikononi, zimeloa, plasta imekaza mpaka ncha za vidole zinawaka. Mkasi sina. Nikakaa kwenye benchi naing'ata plasta kwa meno kama panya, chumba cha pili nasikia wanaimba. Ikapita karibu nusu saa ndipo mzee mmoja wa kona, wale wanaomhudumia bondia kati ya raundi, wala hakuwa wa kona yangu, akachungulia, akaona, akatoa mkasi mfukoni. "Lete mkono." Hakunipa pole wala hakusema refa kaniibia. Alikata, akakunja bandeji chafu akatupa, akaenda zake. Huyo mzee nitamrudia.

Simu ilikuja siku ya kumi na moja. Dola 3,000, nchi moja ya baridi Ulaya Mashariki, mpinzani kijana ambaye hajapoteza, raundi nane. Pambano la ubingwa lilikuwa limenipa shilingi milioni moja na nusu, nikagawana na kocha na waliokuwa wananidai. Sasa mtu anakutajia dola elfu tatu wakati mtaani umeshaanza kupita njia ya nyuma ili usikutane na watu! Nilikubali kabla hajamaliza sentensi. Kujiandaa sikujiandaa, nilikuwa napunguza kilo tu. Nikazimwa raundi ya tatu. Kwenye malipo wakatoa tiketi, viza, hoteli, asilimia ya aliyeniunganisha, na "gharama za ofisi" ambazo sikuwahi kuonyeshwa ofisi yake. Nilitua Dar na dola 1,100. Wiki iliyofuata nilipanda daladala ya Mabibo, njia niliyoizoea tangu utoto, nikapitiliza vituo vitatu nikiwa macho, sijui niko wapi. Sikumwambia mtu. Mke wangu ndiye alianza kugundua, kwa sababu nilikuwa namuuliza jambo moja mara mbili mbili.

Naeleza hivi ili uelewe ile simu aliyopigiwa dogo ni biashara gani. Siku bondia anapopoteza mkanda, rekodi yake kwenye mtandao bado inapendeza: ushindi kumi na ngapi, kapoteza moja au mbili, "bingwa wa zamani". Kuna kijana sehemu fulani analelewa, anatakiwa ampige mtu mwenye jina la namna hiyo ili apande kwenye viwango. Kwa hiyo thamani ya dogo iko juu sana hivi sasa, na inashuka kila atakapopigwa tena. Anayepiga simu analijua hilo. Dogo halijui, anadhani anahurumiwa. Ndiyo maana nasema simu asiipokee yeye. Apokee kocha au wewe kaka yake, mtu ambaye hajaumizwa moyo, na jibu liwe moja: tuna ruhusa ya daktari kwanza, tutakupigia.

Kuna mdau atasema, mbona Mwakinyo? Kweli. Septemba 2018 Hassan Mwakinyo aliitwa Birmingham kucheza na Sam Eggington, Waingereza wengi wakijua wameleta mtu wa kupigwa, akamzima raundi ya pili nyumbani kwake. Lakini hakwenda akiwa ametoka kulazwa chini wiki tano nyuma. Upande wa pili mkumbuke Francis Cheka. Agosti 2013 kamchapa Mmarekani Phil Williams hapa hapa Dar, mji mzima umelipuka. Desemba ya mwaka ule ule yuko Urusi, Fedor Chudinov akamzima raundi ya tatu. Na huyo alikuwa kileleni, hajatoka kupigwa.

Wala sisemi kucheza ugenini ni aibu. Uingereza kulikuwa na bwana anaitwa Peter Buckley, wa Birmingham huko huko, alicheza mapambano 300 na kupoteza 256. Hiyo ilikuwa kazi yake: anapigiwa simu, anakwenda, anajikinga vizuri, anamaliza raundi zake, anachukua hela, anarudi kwa familia. Alijua kutopigwa vibaya, na huo ni ufundi wa peke yake. Bondia aliyezoea kuwa bingwa huo ufundi hana. Yeye anakwenda kushinda, anajiachia, ndiyo maana anaumia.

Kwa hiyo la kwanza ni kichwa. KO ya raundi ya nane maana yake kapokea ngumi raundi saba kabla ya ile moja iliyomwangusha, na hizo ndizo za kuogopa zaidi. Apigwe picha ya kichwa, CT scan, kwa pesa yenu msisubiri ya promota. Asicheze sparingi, yaani kupigana kwa mazoezi, kwa miezi mitatu hata akilia. Kukimbia sawa, kamba ya kuruka sawa, begi la kupiga baadaye. Ndani ya miezi hiyo muwe mnamwangalia: anasahau? Analala vibaya? Anakasirika ovyo? Mama yenu ataona kabla ya daktari. Kama majibu ni mabaya, basi uzi huu umeishia hapo, na sehemu ya chini itakayowahusu ni ile ya kazi.

Kama kichwa kiko salama, hapo ndipo tuongee marudiano, na hapo nina ugomvi na kocha wenu. Swali ni je, kuna kitu kitakachobadilika? Lennox Lewis, bingwa wa dunia wa uzito wa juu, alipozimwa na Oliver McCall London, Septemba 1994, raundi ya pili, alifanya jambo ambalo wengi wetu kiburi kisingeturuhusu: alimchukua Emanuel Steward, aliyekuwa kona ya McCall usiku ule, akawa kocha wake. 1997 akampiga McCall na mkanda ukarudi. Mwaka 2001 akajisahau tena, Hasim Rahman akamlaza kule Brakpan, Afrika Kusini, Aprili. Novemba mwaka huo huo akamrudishia, raundi ya nne. Sasa mtazame Andy Ruiz. Juni 2019 kampiga bingwa wa dunia Anthony Joshua, dunia imeshika mdomo. Marudiano Desemba, Saudi Arabia, Ruiz kapanda mzani akiwa na kilo zaidi ya 128, kaongezeka kama saba hivi. Joshua aliyepoteza ndiye aliyepungua, akacheza kwa kutembea na jab, ile ngumi iliyonyooka ya mkono wa mbele, raundi kumi na mbili, hakutaka sifa, mikanda ikarudi. Mwenyewe Ruiz alikiri sherehe zilimzidi. Marudiano yanampendelea aliyepoteza kama amebadilika, kwa sababu aliyeshinda mara nyingi habadiliki. Je, kocha wenu ana jipya, au anataka kurudia yale yale kwa nguvu zaidi?

Na jambo la mkataba. Kama kwenye ule mkataba hakukuwa na kipengele cha marudiano, hamna marudiano, mna maombi tu. Bingwa mpya atawazungusha, na akikubali atataka iwe kwake. Na ugenini ni pagumu hata kwa bingwa: Fatuma Zarika wa Kenya alishamshinda Yamileth Mercado mwaka 2018. Mwaka uliofuata akaenda Mexico, nyumbani kwa Mercado, mkanda wa dunia wa WBC (moja ya mashirika makubwa ya ngumi duniani) ukabaki huko.

Sasa kitu ambacho sijaona mdau yeyote amegusa: mzani. Ulisema dogo "alichoka ghafla raundi ya sita". Mkuu, siku za kawaida ana kilo ngapi? Mimi nilikuwa natembea na 68 na nacheza kilo 61. Siku mbili kabla ya pambano langu la ubingwa, lile nililopoteza, nilishinda nimejifunika makoti mawili na nailoni ndani, kwenye chumba chenye jiko la mkaa mlangoni, natafuna bigijii na kutema kwenye chupa ya maji. Chupa ya nusu lita ikajaa. Asubuhi yake saa nne nikapima, nikapita kwa gramu mia. Nikanywa uji, supu, soda mbili, tumbo likavimba, nikalala. Kesho yake raundi ya tano miguu ikawa ya mtu mwingine. Miaka mingi nilisema nimepigwa na fulani, kumbe nilipigwa na ile chupa. Kupunguza maji mwilini kunaweza kukausha pia kinachokinga ubongo, kwa hiyo ngumi ile ile inaweza kuumiza zaidi. Kama dogo anapunguza kilo sita saba, kabla hamjabadilisha kocha wala promota, mpandisheni uzito. Kilo 63 na nusu, hata 66. Huko atakuwa mgeni, hana mkanda, atapangiwa watu wa kawaida wa raundi sita na nane hapa hapa nyumbani, atashinda mawili matatu, na mwili utajisikia wa kwake. Hii ndiyo njia ambayo ningeichukua mimi kama ningepewa ule mwaka upya.

Njia nyingine nitazipitia haraka. Kickboxing na hayo mengine ya mateke: atajifunza upya kwa miaka miwili apate pesa ile ile. Ubaunsa: unalipa usiku na unaharibu asubuhi, nimeufanya miezi minne, mlevi mmoja akanipiga chupa mkononi na hakuna aliyenijua. Majeshi yanachukua wanamichezo lakini miaka 27 ni mingi kwa kuandikishwa, labda awe na ujuzi mwingine. Kuacha kabisa na kurudi tena: watu wanapenda kumtaja George Foreman, bingwa wa dunia aliyepigwa na Muhammad Ali Kinshasa 1974, akaacha 1977 akawa mhubiri, akarudi, na 1994 akamzima bingwa Michael Moorer akiwa na miaka 45. Ni kweli tupu, ila katika watu wote waliowahi kurudi mnamtaja huyo huyo mmoja.

Nimalizie na kazi, maana mama yenu anauliza hilo hata kama hasemi. Buddy McGirt alikuwa bingwa wa WBC, akaupoteza kwa Pernell Whitaker 1993 huku bega likiwa bovu. Leo watu wengi wanamjua kama kocha, aliyekaa kona ya bondia Arturo Gatti. Ukocha haukusubiri ustaafu. Unaanza sasa, dogo akiwa kwenye ile miezi mitatu ya kukatazwa sparingi, awashikie wengine padi, zile za mkononi za kupokelea ngumi. Kuna wafanyakazi wa maofisini Dar wanalipa vizuri kushikiwa padi saa kumi na mbili asubuhi, hawataki kupigana, wanataka kutoa jasho na kumwambia mtu "kocha wangu alikuwa bingwa". Hapo neno "alikuwa" halipunguzi bei.

Mimi nilirudi kwa yule mzee wa mkasi. Nilimtafuta mwenyewe, nikamwomba anifundishe kufunga mikono. Alinichukua karibu mwaka kabla hajaniachia mkono wa bondia wa pambano kubwa. Unaanzia kifundo cha mkono, unapita kati ya vidole, unajenga kimto juu ya vifundo vya ngumi, plasta isifike pale pa kupigia, na mwisho unamwambia kunja, fungua, kunja tena, unamtazama usoni siyo mkononi. Akikunja ndita umekaza. Siku hizi, usiku wenye mapambano kumi nafunga mikono kumi na miwili, nazuia damu za nyusi, nalipwa kwa kila bondia, na sijawahi kurudi nyumbani na kichwa kinauma. Na mkasi wangu naingia nao chumba cha aliyepoteza kwanza. Wa chumba cha pili wana watu.

Kwa hiyo mkuu, huyo promota mjibu wewe leo. Picha ya kichwa wiki hii. Ukipata majibu njoo inbox nikuelekeze klabu yetu ilipo, Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, aje kushika padi tu. Na aje na kamba yake, za pale zimekatika.