Kwa nini watu wananunua gemu za mtandaoni bila kuchunguza: ninavyoona kutoka bandani

Mkuu mleta mada, umeuliza mtu mwenye akili zake anatoaje laki moja kununua gemu ya kucheza na watu mtandaoni bila kusoma chochote, halafu kesho yake analalamika seva (kompyuta za kampuni zinazowaunganisha wachezaji) hazifunguki. Waliotangulia kuchangia wameshahukumu: ujinga, ushamba, hela za wazazi. Mimi nina banda la PlayStation hapa Sinza na pembeni nauza vocha za kununulia gemu, kwa hiyo wanunuzi hawa nawaona uso kwa uso. Hukumu hiyo sikubaliani nayo, ingawa kuna siku wananichosha kweli.

Kijana anaingia Ijumaa jioni, simu ipo sikioni, anasikiliza sauti aliyotumiwa kwenye grupu la WhatsApp: "Umebaki wewe tu, saa tatu tunaingia." Namuuliza hiyo gemu inahusu nini. Hajui. Ya kupiga risasi au ya mbio? "Kaka, we niwekee tu, washkaji wote wanayo." Sasa huyo mnamwita hajachunguza. Amechunguza kitu kimoja, kwamba watu wake watatu wamo ndani, na kwa gemu za namna hii hicho ndicho kinachobeba mzigo wote. Hakuna anayechangia harusi ya rafiki yake kwa kuulizia kwanza pilau litakuwaje. Gemu ya hovyo yenye washkaji wanne inachezwa mpaka adhana ya alfajiri, na nzuri kupindukia ukiwa peke yako unaizima baada ya nusu saa.

Angalia Among Us, gemu ya kumsaka msaliti kati yenu. Ilitoka 2018, ikakaa karibu miaka miwili hakuna anayeizungumzia, kisha 2020 watu wamefungiwa majumbani ikawa kila simu inayo. Gemu ilikuwa ileile. Aliyeichunguza 2019 angekuta vyumba vitupu na angekuwa sahihi kuiacha. Aliyeinunua 2020 kwa kufuata mkumbo naye alikuwa sahihi. Mapitio ya kwenye magazeti na YouTube yanapima gemu, hayawezi kupima nani atakuwepo.

Halafu kuna suala la wakati, ambalo wanaosema "subirini kwanza" wanalipita haraka. Wiki ya kwanza kila mtu hajui ramani, kila mtu anapotea, mnacheka pamoja. Ukiingia mwezi wa pili unakutana na watu wanaojua kila kona na silaha zao zimeshapanda daraja, wewe unakufa kabla hujajua risasi imetoka wapi. Kampuni zinalijua hilo, ndiyo maana zinaweka misimu yenye zawadi zinazokwisha, na matoleo ghali yanayokuruhusu kuingia siku kadhaa kabla ya wengine. Kwa hiyo kusubiri kuna gharama yake. Ni kweli bei inashuka (EA Sports FC, ile gemu ya mpira, hutoka mwishoni mwa Septemba, na mara nyingi ikifika mwisho wa Novemba imeshapunguzwa), lakini anayetaka Ultimate Team, ile sehemu ya kujenga timu yako na kushindana mtandaoni, hana habari na punguzo la Novemba, yeye anataka kuanza mstari mmoja na wenzake.

Jambo ninalotaka kulisema kwa kirefu ni hili: hata ukichunguza, unachokikuta kimeandikwa kwa ajili ya mtu mwingine.

Mwandishi wa mapitio ya gemu anakaa London, seva ipo London au karibu tu ya hapo, anaandika kwamba mapambano ni laini na risasi zinafika. Hadanganyi. Sasa piga hesabu ya kwako. Mwanga unaobeba intaneti ndani ya nyuzi za kebo za baharini unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Dar mpaka London kwa mstari wa ndege ni kama kilomita 7,500, kwenda na kurudi 15,000, hizo ni milisekunde 75 ambazo hata ulipie intaneti ya bei gani huwezi kuzipunguza. Na kebo haipiti njia ya ndege, inazunguka na bahari, inapita vituo, na mtoa huduma wako naye anaongeza zake. Ndiyo maana pingi (milisekunde za kwenda kwenye seva na kurudi) ya 150 au 180 kwenda Ulaya kwetu ni jambo la kawaida, na kwenye gemu ya risasi hiyo inamaanisha umeshajificha nyuma ya ukuta na bado unakufa. Mei 12, 2024, kebo za EASSy na SEACOM zilipokatika upande wa Afrika Kusini, ukanda wetu ukabaki unakokota siku kadhaa. Hakuna nyota nne za gazeti lolote zinazokueleza habari hizo.

Suala la akaunti ndilo baya zaidi. PlayStation haina Tanzania wala Kenya kwenye orodha ya nchi inazozihudumia. Kwa Afrika ipo Afrika Kusini. Ndiyo sababu sisi wote akaunti zetu ni za "Marekani" au za "Uingereza", na vocha lazima ilingane na nchi ya akaunti. Wateja wapya hawalijui hilo kwa sababu walionunua zamani wameshalisahau.

Sasa chukua Helldivers 2, gemu ya risasi ya kushirikiana inayouzwa na Sony, wenye PlayStation. Ilitoka Februari 8, 2024, dola 40. Watu wakafurika kiasi kwamba seva zikashindwa, wachezaji wanakaa foleni wanatazama skrini tu. Bosi wa wakati huo wa kampuni iliyoitengeneza, Johan Pilestedt, mwenyewe alimwambia mtu mtandaoni kwamba kama hela ni ya kubana, asubiri kwanza mpaka seva ziweze kubeba watu. Mwenye duka anakwambia usinunue bado! Watu wakaendelea kununua, na Sony ikatangaza kwamba mpaka mwanzoni mwa Mei nakala milioni 12 zilikuwa zimeuzwa. Je, walikuwa wajinga? Waliokaa foleni wiki zile walipata mojawapo ya gemu za kushirikiana zilizofurahisha zaidi mwaka ule.

Kisha Mei 3 likatoka tangazo kwamba wachezaji wa Steam (duka la mtandaoni la gemu za kompyuta) nao lazima waunganishe akaunti ya PlayStation. Kumbuka kwenye Steam ilikuwa imeuzwa mpaka kwetu, mahali ambapo akaunti hiyo huwezi kuifungua bila kudanganya nchi. Ukurasa wa dukani ulikuwa umeandika sharti hilo tangu mwanzo, ila ulipoingia ndani uliweza kuliruka, kwa hiyo aliyesoma na asiyesoma wote walicheza miezi mitatu bila shida na wote wakashtuka siku moja. Kelele zilikuwa kubwa, na siku tatu baadaye Sony ikaliondoa sharti. Lakini gemu ilishatolewa sokoni kwenye nchi zaidi ya 170, zetu zikiwemo, na haikurudi pale sharti lilipofutwa. Niambie, utafiti gani wa Februari ungekuonyesha hayo ya Mei?

Hata hivyo, kuna kundi jingine ambalo siwezi kulitetea. The Day Before ilikuwa miongoni mwa gemu zilizosubiriwa na watu wengi kuliko zote kwenye Steam. Iliahidiwa kuwa dunia kubwa wazi yenye wachezaji wengi, tarehe zikaahirishwa na kuahirishwa, video zikatiliwa shaka hadharani. Ikatoka Desemba 7, 2023, watu wakakuta ni kitu kingine kabisa, na siku nne baadaye kampuni ikatangaza kufunga. Bahati nzuri hela zilirudishwa. Hapo dalili zilikuwepo, na kusoma kwa dakika kumi kulitosha.

Na msidhani wachezaji ni kondoo siku zote. Concord ya Sony ilitoka Agosti 23, 2024, dola 40, ikishindana na gemu za bure za aina ileile. Watu walishaijaribu kwenye beta, yaani toleo la majaribio, Julai, wakaona, wakanyamaza. Kwenye Steam hawakufika hata 700 kwa wakati mmoja. Septemba 6 ikazimwa, kila mtu akarudishiwa chake. Huo ndio uchunguzi wa wanunuzi: hawakuandika makala, hawakwenda tu.

Kitu kingine kinachowaponza wateja wangu ni mazoea ya gemu za bure. Kijana amekulia kwenye Fortnite, eFootball na Warzone. Huko hujalipa kitu, unaingia mtandaoni moja kwa moja, na PlayStation haikudai Plus (usajili wa kulipia wa kucheza mtandaoni) kwa sababu gemu yenyewe ni ya bure. Siku amenunua ya kulipia anaingia kwa madaha, anakutana na ukuta: lipia Plus ndipo ucheze na wenzako. Ananipigia simu usiku akidhani nimemuuzia feki. Kwa akili yake ni kinyume, aliyelipa ndiye azuiwe? Siwezi kumlaumu sana, mantiki yake imenyooka kuliko ya wenye mtandao.

Kuhusu kurudishiwa hela, mchangiaji mmoja juu amesema "si unarudisha tu". Inategemea umenunua wapi. Steam wanakubali kama hazijapita siku 14 na hujacheza saa mbili, na hicho kwangu ndicho kipimo bora kuliko mapitio yoyote, maana unajaribu na intaneti yako, saa zako, washkaji zako. Ila ukae na saa: gemu ikikuweka foleni ukiwa umeiwasha, dakika zinahesabika. PlayStation pia wana siku 14, lakini ukishaanza kuipakua haki hiyo imekwisha, labda iwe na hitilafu. Na wengi wanapakua papo hapo, wameshanunua bando la usiku. Gemu kubwa kama Call of Duty inapita GB 100, hapo bando lenyewe limeshakuwa sehemu ya bei.

Kwa hiyo siku hizi bandani simhubirii mtu asome mapitio. Nauliza akaunti yako ya nchi gani, Plus unayo, na hao wenzako wanacheza kwenye mashine gani, kwa sababu gemu nyingine haziruhusu wa PlayStation na wa kompyuta kukutana. Kisha natafuta seva zake ziko wapi. Ikiwa na ya Afrika Kusini au ya Mashariki ya Kati, kuna matumaini, japo kuna mitandao ya hapa inayokupeleka Ulaya kwanza ndipo ikurudishe Johannesburg, kwa hiyo namwambia ajaribu kwa laini mbili tofauti. Kama seva zote ziko Ulaya na Marekani na gemu ni ya kuviziana kwa risasi, namshauri achukue ya kushirikiana dhidi ya kompyuta, maana huko pingi ya 180 inavumilika.