Kupaki kwenye nafasi finyu Kariakoo na Posta: kazi iko kabla ya rivasi

Duka langu liko Tegeta, Dar es Salaam, na mzigo unatoka Kariakoo, kwa hiyo kupaki mtaani si jambo ninalofanya kwa kupenda. Aggrey, Narung'ombe, Sikukuu, Mchikichi, kote huko nimeshabanana na magari ya watu, na Posta pia nikiwa na shughuli za benki. Wengi wakitaka kumfundisha mtu kupaki katikati ya gari mbili wanaanzia kwenye usukani: kata hapa, nyoosha pale. Kwangu usukani unakuja mwishoni. Gari linaingia au haliingii kabla hujagusa rivasi, na ukianza vibaya utakata stelingi mpaka mabega yaume na mkia bado uko barabarani.

Cha kwanza ni kujua urefu wa gari lako. Si kwa kukisia. Mimi naendesha Toyota IST ile ya zamani, urefu wake hauzidi mita 3.9. Noah ya zamani ina kama mita 4.6. Upana sasa, hapo watu huogopa bure. Kwa Wajapani, gari likizidi upana wa mita 1.7 linahamia daraja jingine, basi magari mengi wanayotuletea yametengenezwa kukaa chini kidogo ya hapo: IST, Premio na Noah nyingi za zamani zote zina sentimita 169 na nusu. Kwa hiyo anayetoka kwenye IST akakabidhiwa Noah asihangaike na unene. Kilichoongezeka ni urefu, na kwenye kupaki urefu ndio unaokula nafasi.

Mwaka 2009 profesa mmoja wa hesabu wa chuo cha Royal Holloway, Uingereza, Simon Blackburn, alitoa fomula ya nafasi ndogo kabisa ambayo gari linaweza kuingia kwa mkupuo mmoja, bila kwenda mbele na nyuma. Inahitaji vitu vinne: gari linageuka kwenye duara la ukubwa gani, umbali kati ya tairi la mbele na la nyuma, pua imetokeza kiasi gani mbele ya tairi, na upana wa gari litakalokuwa mbele yako. Niliingiza vipimo vya gari kama langu, ikatoka kwamba nahitaji urefu wa gari na ziada ya kama mita moja na nusu. Nani Kariakoo atakuachia mita moja na nusu? Ukiiona, ujue bodaboda zimeshaiona kabla yako.

Kwa hiyo huku kwetu hakuna kuingia mara moja. Unaingia kwa kusogea mbele na nyuma, na ziada ya mita moja inanitosha. Ikishuka chini ya hapo naanza kujiuliza, ikifika nusu mita naondoka hata kama vijana wa mtaani wananiapia. Kupima ni rahisi: unasimama ubavuni mwa nafasi yenyewe, bampa lako la nyuma likilingana na pua ya gari la nyuma, halafu unaangalia mbele. Kilichobaki kati ya pua yako na mkia wa gari la mbele ndiyo ziada yako. Ikiwa hatua moja kubwa ya mtu mzima, jaribu. Ikiwa unaweza kuiziba kwa ndoo mbili, achana nayo.

Wakati unapima, angalia na majirani. Nani yuko mbele, nani yuko nyuma? Fuso linaloshusha mzigo litaondoka, na likiondoka utapumua. Gari la mwenye duka limefika asubuhi na litabaki mpaka jioni. Angalia chini pia. Posta ukingo wa njia ya miguu una sehemu ni mrefu wa kuchuna rimu na kupasua tairi ubavuni. Kariakoo tatizo ni mtaro. Mtaro usio na mfuniko hauonekani kwenye kioo, na tairi la nyuma la kushoto likiingia humo ndipo utajua makuli wa Kariakoo wanabeba hata magari, kwa bei yao.

Haya, umeridhika, nafasi inaingia. Washa indiketa ya kushoto mapema, wala usisubiri ufike. Aliye nyuma yako akijua unapaki ataachia nafasi au atakupita. Asipojua atakuja kukugandia bampa, na hapo huna pa kurudi. Ikitokea amekuganda, mimi hushusha kioo nikamwonyesha kwa mkono. Asipoelewa nazunguka mtaa. Kupambana na daladala kwa ajili ya sehemu ya kupaki ni kazi isiyo na mshahara.

Sogea ubavuni mwa gari la mbele, uache kama nusu mita au zaidi kidogo kati yenu. Ukiwa mbali sana mkia hautafika ukingoni. Ukiwa karibu sana utamchuna. Bampa zenu za nyuma zilingane. Rudi taratibu ukiwa umenyooka mpaka tairi lako la nyuma likaribie kulingana na bampa lake, kisha kata kushoto yote. Polepole, jamani. Mguu uwe juu ya breki, gari la otomatiki litarudi lenyewe bila mafuta. Matairi yatembee kidogo kidogo na mikono ifanye haraka. Madereva wengi wanafanya kinyume, gari linakimbia na mikono inachelewa. Na usikate stelingi gari likiwa limesimama kama si lazima, unalisugua tairi sehemu moja na kuumiza mfumo wa usukani. Kwenye nafasi finyu mno hilo halikwepeki, lakini lisiwe mazoea.

Sasa macho yahamie kioo cha kulia. Ukiona taa zote mbili za gari la nyuma humo ndani, gari limeshakaa mshazari vya kutosha. Nyoosha usukani, endelea kurudi, na macho yarudi kioo cha kushoto kwenye tairi la nyuma na ukingo. Nikiwa nakwenda Kariakoo mimi hukishusha kioo hicho kabisa nione chini, kwa sababu sisi tunakaa upande wa kulia wa gari na ukingo uko upande tusioukalia.

Hapa ndipo ningependa usome taratibu, maana ndipo wengi wanapokwama. Matairi ya nyuma hayakati. Yanakwenda gari linakokwenda, basi. Ukishaanza kukata kulia ili uingize pua, mkia hausogei tena kuelekea ukingoni kwa maana yoyote ya kukusaidia. Kwa hiyo usikate kulia mpaka tairi la nyuma limekaribia pale unapotaka lilale, na pembe ya kushoto ya pua yako imeshaivuka pembe ya gari la mbele. Yote mawili. Likiwa moja tu, ama utabaki na mkia barabarani, ama utamchuna jirani bampa.

Ukikata kulia na kurudi mpaka karibu na gari la nyuma, na pua bado imechomoza barabarani, hapo ndipo kusogea kunaanza. Kumbuka hivi: mbele kata kushoto yote, nyuma kata kulia yote. Mbele kushoto, nyuma kulia. Kila mzunguko pua inaingia kidogo, na kwenye nafasi ya kubana utarudia mara kadhaa, hakuna aibu. Lakini kama mkia ndio uliobaki nje, kusogea kote huko ni kucheza rede. Toka, jipange upya ubavuni mwa gari la mbele, anza tena. Najua magari yanapiga honi. Wanaopiga honi wangekuwa na haraka kweli wangekuwa wameshakupita.

Kuna jambo moja ambalo chuo cha udereva nilichosoma hakikulitaja kabisa, na kwa Dar ndilo la hatari zaidi. Mkia ukiingia kushoto, pua inatoka kulia. Wewe wakati huo unaangalia nyuma, na bajaji iliyochoka kusubiri inajipenyeza kulia kwako ikidhani umesimama. Pembe yako ya mbele ya kulia inaifuata ubavuni. Bodaboda nao wana lao, wanapita kushoto, kati ya mkia wako na ukingo, kwenye nafasi ileile unayoingia, maana kwa bodaboda uwazi wowote ni njia. Guta na mikokoteni angalau zinakwenda taratibu. Kwa hiyo kabla ya kila kukata usukani ninasimama kabisa, naangalia bega la kulia, naangalia kioo cha kushoto, ndipo naendelea. Kamera ya nyuma haikusaidii hapo, haioni pua. Halafu kamera zenyewe za magari haya zinaonyesha vitu viko mbali kuliko vilivyo, kama kioo chake hakijafa, au hakikwambii mambo kwa Kijapani.

Vijana wa kuelekeza. Wapo kila mtaa na wengi wanajua kazi. "Njoo njoo anti, kata yote, nyoosha, hapo hapo!" Wana faida kubwa moja, wanaona mtaro na ukingo ambao huuoni. Hasara yao ni kwamba kwao kila nafasi inatosha. "Panatosha hata Fuso, anti!" Mimi humwomba kijana asimame sehemu moja tu, nyuma kushoto, nimwone kwenye kioo, na kazi yake iwe kuniambia umbali uliobaki kwa mikono yake, si kuniambia nikate wapi. Wakiwa wawili wanaelekeza, nasikiliza mmoja na yule mwingine namshukuru mapema. Nikitoka nampa buku yangu. Na atakayesema "Shuka anti nikupakie" namjibu asante, ila ufunguo wa gari hautoki mkononi mwangu. Akinipigia mtu ubavu, mwenye gari atanitafuta mimi.

Habari ya kusukuma bampa kidogo ili uingie, ambayo watu husimulia juu ya Paris, usiijaribu hapa. Alamu italia, mtaa mzima utajaa, na kila mmoja atakuwa shahidi.

Kutoka ni kugumu kuliko kuingia, kwa sababu majirani uliowaacha si utakaowakuta. Ndiyo maana sipaki katikati kabisa ya nafasi. Kama wa nyuma anaonekana ni wa kukaa, namwachia kidogo tu na nafasi iliyobaki naiweka mbele yangu, niweze kukata na kuondoka. Tairi nazinyoosha, kioo cha kushoto nakirudisha juu, vioo vyote navikunja, maana mikokoteni haijali, na wezi wa vioo wapo pia. Vyangu vimechorwa namba ya gari; havizuii mwizi lakini vinampunguzia bei. Nikilazimika kumzibia mtu kwa dakika chache naacha namba ya simu mbele kwenye kioo, na simu naishika mkononi.

Siku umebanwa huku na huku, rudi nyuma ukiwa umenyooka mpaka mwisho wa nafasi uliyonayo, ndipo ukate kulia yote na kwenda mbele. Haitoshi? Geuza ile kanuni: mbele kulia, nyuma kushoto. Pua ikishaivuka pembe ya gari la mbele usinyooshe upesi, kwanza angalia ubavu wako wa kushoto, milango ndiyo huchunwa hapo wakati dereva anafurahia kwamba pua imetoka.

Kama unajifunza, nenda Posta Jumapili asubuhi. Mitaa imetulia, maofisi yamefungwa, na utapata sehemu yenye ukingo halisi bila honi. Weka madumu ya maji manne kuwakilisha pembe za magari mawili, uanze na nafasi kubwa, uipunguze kadiri unavyozoea. Kariakoo njoo baadaye, tena mapema kabla maduka hayajafunguliwa. Na kama mzigo si mkubwa, hakuna ubaya kuacha gari upande wa Mnazi Mmoja ukavuka Lumumba kwa miguu. Mimi hufanya hivyo mara nyingi tu, hasa karibu na sikukuu, wakati hata kutembea Kariakoo ni kubanana.

Ada ya maegesho usiisahau. Mhudumu akishapiga namba ya gari lako kwenye mashine yake, deni limeingia TARURA, wakala wa serikali wa barabara za mijini na vijijini, hata kama hakukukuta na hukupewa karatasi. Angalia deni kwa namba ya gari, chukua kontroli namba (namba ya kulipia), lipa kwa simu siku hiyohiyo kabla halijaongezeka.