Niachieni Chumba cha Injini

Swali la juma: Mkicheza mchezo wa kuigiza vita vya nchi za kubuni, unaanza kuchagua taifa au mhusika?

Naanza na kazi. Taifa baadaye, na jina la mhusika mwisho kabisa. Hata likipatikana katikati ya mchezo si neno.

Zamani sikuwa hivyo. Tunacheza watu sita, Jumamosi jioni, barazani kwa shemeji yangu hapa Mwanga, Kigoma. Ramani tumeichora nyuma ya kalenda ya mwaka juzi, dadu tumeziazima kwenye ludo ya watoto, na mmoja wetu ni msimulizi asiye na upande. Mara ya kwanza watatu walitaka ufalme, mmoja ujemadari, mimi nikawa mchawi wa kuita radi. Vita vikatangazwa. Msimulizi akauliza jambo moja tu: "Jeshi linavuka ziwa kwa chombo gani?" Kimya. Hakuna aliyekuwa na hata mtumbwi. Wafalme wakabaki kutukanana ng'ambo kwa ng'ambo mpaka chai ikaisha.

Na sisi ni watu wa Kigoma, aibu iliyoje! Vita Kuu ya Kwanza ilipofika Ziwa Tanganyika, mwenye meli ndiye aliyepitisha askari na chakula. Wajerumani waliileta meli yao, Graf von Goetzen, vipande vipande ndani ya masanduku, hadi Dar es Salaam kwa bahari, kisha kwa reli, ikaungwa hapa hapa Kigoma na kushushwa majini 1915. Julai 1916 maadui wakikaribia, ikaamriwa izamishwe. Mafundi wakazipaka injini grisi nene kwanza. Wenzangu hukariri majina ya makamanda. Mimi iliyonikaa kichwani ni grisi ile. Waingereza walipoiibua 1924, injini zilikuwa bado zinafaa, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Basi siku hizi nikishakaa barazani nasema mapema: niachieni chumba cha injini. Mhusika wangu wa sasa ni mama fundi, mfupi, mkali, spana haimtoki kiunoni. Majuzi adui alipotuzingira bandarini, mfalme wetu, ambaye ndiye shemeji, akaagiza tupigane hadi mtu wa mwisho. Nikarusha dadu, nikapata tano, nikaizamisha meli yetu wenyewe usiku ule ule. Injini nilizipaka mawese, maana katika ulimwengu wetu grisi bado haijavumbuliwa. Shemeji hakunisemesha mpaka vyombo vilipooshwa.

Kuhusu taifa, nachukua nchi ndogo ya wavuvi. Wengine hukimbilia dola zenye majoka yarukayo, halafu msimulizi akiwauliza majoka yanakula nini wanaanza kutazamana. Wavuvi wana chakula, na wana mwezi. Huku kwetu wavuvi wa dagaa hutoka na taa wakati wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa haivuti samaki vizuri, basi watu wanapumzika na kushona nyavu. Hilo nimelipeleka mchezoni vile vile. Usiku wa giza watu wangu wanalijua ziwa kama ua wa nyumba zao, hakuna manowari ya kuwapata. Ila adui akivamia mwezi mpevu, anaikuta mitumbwi yote imelala ufukweni, na nyavu zimetandazwa juani tangu mchana. Tumeshachomewa kijiji kizima namna hiyo. Napenda taifa lenye kidonda kama hicho, kwa sababu kila mara lazima uhesabu siku kabla ya kujigamba.

Uchawi nauruhusu, ila uwe na bei. Anayeita upepo asilale siku tatu.

Kijana mmoja kwenye kundi letu hubisha kwamba bila wafalme hakuna kisa. Wawepo, sikatai. Wawili wanatosha, mmoja kila upande, na wapewe wale wanaopenda kuongea.

Meli yetu mpaka sasa iko chini, pima ishirini kwa hesabu ya msimulizi. Shemeji ameniomba, safari hii kwa upole, niiibue Jumamosi ijayo. Nimemwambia nataka kamba mpya, mitumbwi thelathini, na fundi naye apate kiti kwenye baraza la vita. Kamba na mitumbwi amekubali. Hilo la kiti bado anafikiria.